Usikivu si Uwezo wa Kusikia

Tumeletewa tafsiri ya kijitabu cha wazazi na walimu kuhusu watoto waliozaliwa na kromosomu ya 18 isiyo na kipande cha mkono wake mrefu. Hali hiyo ilielezwa mwaka 1964 na Jean de Grouchy na wenzake nchini Ufaransa. Mfasiri amejitahidi: "mfereji wa sikio" na "kiwambo cha sikio" ni maneno yaliyo wazi. Hata hivyo, zipo istilahi tatu ambazo hatuwezi kuzinyamazia.

Ya kwanza ni "udondoshaji wa kromosomu". Neno udondoshaji lina kazi yake tayari katika fonolojia. Tena lamtaka mdondoshaji. Mama atakayelisoma atajiuliza ni nani aliyedondosha, na huenda akajilaumu mwenyewe, ilhali mara nyingi wazazi wote wawili hawana kasoro hiyo. Isitoshe, kilichokosekana ni kipande tu, si kromosomu nzima. Twapendekeza "ukosefu wa kipande cha kromosomu". Ni refu, lakini halimsingizii mtu.

Ya pili ni "upungufu wa usikivu". Mfasiri hakuibuni, imekwisha kuzoeleka. Lakini katika usemi wa kila siku, mtoto msikivu ni mtoto mtiifu, na asiyesikia la mkuu twajua humpata nini. Mwalimu akiandikiwa kwamba mwanafunzi wake ana upungufu wa usikivu, aweza kushika fimbo badala ya kumketisha mbele ya darasa. "Upungufu wa uwezo wa kusikia" hauna utata huo.

Ya tatu ni "uziwi", ambao kijitabu kimeutumia kwa kila hali. Wengi wa watoto hao wana mifereji ya masikio iliyo myembamba au iliyoziba. Sauti huzuiwa njiani, ingawa sikio la ndani laweza kuwa zima; kifaa kinachopitisha mtetemo katika mfupa wa fuvu chaweza kuwafaa. Kwa wengine kasoro imo katika sikio la ndani au neva yake, na wapo wenye zote mbili. Mzazi aliyeambiwa tu kwamba mwanawe ni kiziwi huenda asikitafute kifaa hicho. Twapendekeza "upungufu wa njia ya sauti" kwa hali ya kwanza, na "upungufu wa neva ya sikio" kwa ya pili.

Istilahi sahihi kwa daktari lakini yenye kumpotosha mwalimu bado haijakamilika. Walimu na wafasiri wenye maneno bora kuliko haya na watuandikie.