Mjinga akierevuka, nani yumo mashakani?

Wiki jana dadangu mdogo alinipigia simu usiku, saa zile ambazo simu ikilia moyo huruka. Kumbe hapakuwa na msiba.

"Kaka, naomba unisaidie Sh4,500," alisema. "Kuna vidonge vya kuongeza akili. Mama mmoja wa chama chetu anaviuza. Si unajua mtoto wako yuko Gredi ya Tisa, na mwalimu anasema ni mzito."

"Mzito wa nini?"

"Wa kichwa, Kaka. Usinifanye niseme."

Nikamwambia nitampigia. Badala ya kulala, nilitoa rafuni riwaya ambayo nilikuwa sijaigusa kwa miaka mingi: *Flowers for Algernon* ya Mmarekani Daniel Keyes. Ilianza kama hadithi fupi mwaka 1959, ikapata tuzo ya Hugo mwaka uliofuata, kisha Keyes akaipanua na kuichapisha kama riwaya mwaka 1966. Swali lake ndilo alilokuwa akiniuliza dadangu bila kujua: mtu akiongezewa akili, je, maisha yake yatakuwa bora?

Kwa msomaji ambaye hajaisoma, kisa ni hiki. Charlie Gordon ana umri wa miaka 32 na anafanya kazi za mikono katika bekari moja mjini New York. Kipimo cha akili kinampa alama 68. Jioni huenda kwa mwalimu wake, Alice Kinnian, kujifunza kusoma na kuandika, kwa kuwa hakuna kitu anachokitamani kama kuwa mwerevu. Madaktari wamekwisha kumfanyia panya aitwaye Algernon upasuaji wa ubongo, na sasa panya huyo anajua kupita katika mzingile haraka kuliko Charlie anavyoweza kuchora njia yake kwa kalamu. Wanamtaka binadamu wa kwanza. Charlie anakubali. Katika muda wa miezi michache alama zake zinapanda hadi 185. Anajifunza lugha chungu nzima, anawapita maprofesa waliomtibu, kisha anagundua yeye mwenyewe kwa utafiti wake kwamba akili aliyoongezewa haitadumu. Algernon anaanza kuchanganyikiwa, anakufa. Charlie naye anarudi alikotoka, hatua kwa hatua, huku akijiona anavyorudi.

Riwaya nzima imeandikwa kwa mtindo wa ripoti anazoandika Charlie mwenyewe. Mwanzoni tahajia yake ni vurugu tupu. Baada ya upasuaji inanyooka, kisha sentensi zinarefuka na msamiati unapanda ngazi. Mwishoni vurugu inarejea. Msomaji haambiwi kwamba akili imekuja au imeondoka. Anaiona ikija na kuondoka katika maandishi. Hapana shaka hii ndiyo sifa kuu ya kazi hii.

Hapo ndipo udadisi wa mtu wa lugha uliponishika. Nilijaribu kuzitafsiri kurasa za mwanzo kwa Kiswahili, nikakwama. Kiingereza kina tahajia ya kutatanisha, kwa hiyo asiyesoma sana hujifichua pindi tu anaposhika kalamu. Kiswahili huandikwa takriban kama kinavyotamkwa. Charlie wa Kiswahili angekosea wapi? Angeandika "mwarimu" na "kwasababu" na "nina penda". Zaidi ya yote, angevuruga ngeli: "kitabu yangu", "mkono kubwa", "viatu imepotea". Kisha, akili ikipanda, ningempa "kitabu changu ambacho", na msomaji angejua kwamba upasuaji umefaulu.

Nikaweka kalamu chini, kwa sababu niliona jambo ambalo halikunipendeza. "Kitabu yangu" si lugha ya mtu mwenye ulemavu wa kiakili. Ni lugha ya nusu ya Nairobi. Ni lugha ya daktari aliyempasua jirani yangu akapona, na ya wakili ambaye mahakamani hashindwi. Kama ningetumia ngeli kupimia akili ya Charlie, ningekuwa nimewatukana mamilioni ya watu wenye akili timamu, na ningekuwa nimefanya kile ambacho sisi walimu wa Kiswahili hukifanya kila siku bila kukiri: kuchukua kosa la sarufi kuwa ushahidi wa kichwa kitupu. Hapo ndipo ninapomlaumu Keyes kidogo. Mbinu yake ni nzuri, ila inatuzoesha kuamini kwamba akili ni tahajia, na kwamba anayeandika vibaya anafikiri vibaya. Charlie wa kurasa za mwanzo anaandika ovyo, lakini tayari anajua kupenda na kushukuru, na anaona uchungu kushindwa na panya.

Tuna methali isemayo: mjinga akierevuka, mwerevu yumo mashakani. Aghalabu huitumia mwanasiasa akiwaonya wapinzani wake kwamba raia wameamka. Riwaya ya Keyes ni kama ufafanuzi mrefu wa methali hii. Pale bekari, Charlie alikuwa na marafiki, au ndivyo alivyodhani. Joe Carp na Frank Reilly walikuwa wakimtuma upuuzi na kumwangusha, kisha wote wanacheka, naye anacheka nao akidhani kicheko ni urafiki. Akili inapofika, anatambua kwamba yeye ndiye aliyekuwa kichekesho. Anatambua pia kwamba Gimpy, mmoja wa wafanyakazi wa pale, anamwibia mwenye bekari. Kwa muda mfupi tu wenzake wanatia sahihi waraka wa kutaka afutwe kazi. Anayekataa kutia sahihi ni mmoja, mama aitwaye Fanny Birden. Kweli, werevu wamo mashakani!

Lakini itazame tena methali. Inamwangalia mwerevu peke yake. Haisemi neno lolote kuhusu huyo mjinga aliyeerevuka: anaishi vipi, anakula na nani, nani anamwita kwake Jumapili. Keyes analijaza pengo hilo. Anatuonyesha kwamba Charlie alipopata akili alipoteza kazi, akapoteza marafiki, akashindwa hata kukaa vizuri na Alice ambaye anampenda, maana kichwa chake kimekimbia mbio ilhali moyo wake ungali wa mtoto aliyekuwa akipigwa na mamaye. Anapotambua kwamba Profesa Nemur hasomi Kihindi, anashangaa na kumdharau, kana kwamba kutojua ni dhambi. Yaani yule aliyechekwa kwa kutojua sasa anawacheka wasiojua.

Kuna onyesho moja ambalo kwangu ndilo moyo wa kitabu. Charlie yumo mkahawani. Kijana mmoja mwenye ulemavu wa kiakili anaangusha vyombo, vinavunjika, wateja wanaangua kicheko. Charlie naye anajikuta amejiunga nao. Kisha anashtuka: huyo kijana ni yeye mwenyewe wa miezi michache iliyopita. Anasimama na kuwakemea watu wote. Hakuna upasuaji uliomfundisha kukemea hivyo. Kilichomfundisha ni kukumbuka.

Wapo wanaosoma riwaya hii na kuhitimisha kwamba ujinga ni raha, kwamba Charlie angeachwa alivyokuwa. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Furaha yake ya awali ilisimama juu ya uongo wa watu wengine. Tena Charlie mwenyewe, hata anapojua kwamba anarudi gizani, halaumu upasuaji; anashukuru kwamba aliona alichokiona. Keyes aliwahi kuwa mwalimu, na alieleza kwamba mbegu mojawapo ya hadithi hii ni mwanafunzi wa darasa la wanaojifunza polepole aliyemuuliza kama angehamishwa akijitahidi na kuwa mwerevu. Swali la mtoto yule halikuwa la raha wala ujinga. Alitaka kukaa na wenzake. Na mhariri mmoja alipomtaka Keyes abadilishe mwisho, Charlie abaki na akili yake, amwoe Alice na waishi raha mustarehe, mwandishi alikataa. Alifanya vyema.

Tusidhani hii ni ndoto ya wanariwaya tu. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton wakiongozwa na Joe Tsien walitangaza kwamba wamebadilisha jeni moja ya panya, na panya hao wakajifunza na kukumbuka kuliko wenzao. Miaka 2 baadaye utafiti mwingine ukaonyesha kwamba panya wa aina hiyohiyo, wakipata jeraha linalovimba, wanaonyesha dalili za maumivu makali zaidi kuliko panya wa kawaida. Njia ileile ya ubongo iliyowasaidia kukumbuka iliwafanya pia wakumbuke maumivu. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka Charlie, ambaye akili ilimrudishia vipigo vya utotoni.

Basi, je, tatizo ni kwamba akili hiyo ni ya kupandikizwa? Hapa naomba tumwite shahidi wa kwetu. Euphrase Kezilahabi alichapisha *Kichwamaji* mwaka 1974. Mhusika wake mkuu, Kazimoto, hakupasuliwa na daktari yeyote. Alipita njia halali tunayoisifu sote: shule, kisha chuo kikuu. Lakini kwani shule ni nini kama si upasuaji wa polepole? Kazimoto anarudi kijijini na kichwa kilichojaa maswali, asimpate wa kuyabeba pamoja naye. Haamini tena waliyoamini wazee, wala hana cha kuweka mahali pake. Mwishowe anajitoa uhai.

Jina la riwaya hiyo linastahili kutazamwa. Kichwamaji ni maradhi ya kichwa kujaa maji. Mitaani, ukimwita mtu "kichwa maji" umemwambia hana akili. Kezilahabi alichukua neno tunalomtupia mpumbavu akaliweka juu ya jalada la kitabu kinachomhusu msomi. Nadhani alikuwa akituambia kwamba kichwa kinaweza kufurika maarifa na kikamwelemea mwenye kukibeba, sawa na kichwa kilichojaa maji.

Nikiwaweka Charlie na Kazimoto meza moja, naona kwamba mmoja alipata akili kwa kisu na mwingine kwa karo, na wote wawili waliumia mahali pamoja. Hawakuumia kwa sababu akili ni mbaya. Waliumia kwa sababu akili ilipanda peke yake na mengine yote yakabaki chini. Kiswahili kililijua hili zamani, ndiyo maana hakikuridhika na neno moja. Kina akili, kina maarifa, kina busara, kina hekima, na juu ya yote kina utu. Akili asili yake ni Kiarabu, na Waarabu huihusisha na kamba ya kumfungia ngamia asipotee. Busara nayo inatokana na kuona. Vidonge, hata vikifanya kazi, vitagusa neno la kwanza tu katika orodha hiyo. Haya mengine hayauzwi na mama wa chama.

Tofauti ya wahusika hawa wawili iko mwishoni. Kazimoto anabaki na akili yake na kuukata uhai. Charlie anapoteza akili yote, lakini katika ripoti yake ya mwisho anawaomba watu wakipita waweke maua kwenye kaburi la Algernon, kule nyuma ya nyumba. Mtu ambaye hajui tena kuandika vizuri bado anamjali panya aliyeteseka pamoja naye. Na pale bekari, alikorudi kuomba kazi, Joe na Frank wanamtetea mfanyakazi mgeni anapomdhulumu. Wengine huona faraja hapo. Mimi huona uchungu: walimkubali aliporudi chini yao. Lakini walau hawakucheka.

Nilimpigia dadangu asubuhi nikamwambia Sh4,500 sitatuma, nikamwomba anipe mtoto.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Mama anasema masomo yamekulemea."

Akanyamaza. "Naelewa, Mjomba. Ila nikiinuliwa kusoma kwa sauti wanacheka. Hata mwalimu anacheka. Kwa hivyo siku hizi husema sijui."

Sikuwa na jibu la haraka. Niliwahi kusimama mbele ya darasa miaka mingi iliyopita, mvulana mmoja akasoma "mti mrefu" kama "mtu mrefu", darasa likaangua kicheko, na mimi chaki mkononi nikacheka zaidi yao. Sijui kijana yule yuko wapi leo. Namjua tu kama yule ambaye hakuinua mkono tena hadi muhula ukaisha.

Tumekubaliana na dadangu mtoto aje kwangu likizo ya Agosti. Tutasoma kwa sauti, mimi ukurasa mmoja, yeye ukurasa mmoja. Akisema "kitabu yangu" nitamsahihisha, maana ndiyo kazi yangu. Kutocheka ndiko nitakakolazimika kujifunza.