Choo cha Kondoo Kinavyosomwa

Mfugaji mzoefu hadanganywi na ukijani wa malisho. Kondoo ni mchaguzi: huchuma jani laini na kuacha bua, hivyo nyasi zilizokatwa kwa mundu hazifanani sana na zilizoingia tumboni. Ushahidi bora ni kile anachokiacha nyuma yake.

Kinyesi kibichi cha asubuhi ndicho cha kuanzia. Punje ngumu na kavu, ambazo zikivunjwa huonyesha nyuzinyuzi ndefu, ni dalili ya nyasi zilizokomaa. Punje laini zilizoshikana huashiria majani machanga yenye protini. Kuharisha ni habari nyingine. Huenda kundi limehamia ghafla kwenye nyasi za mvua mpya, huenda ni minyoo. Mjuzi hasemi neno kabla ya kumkagua mnyama mwenyewe.

Anayetaka namba ana hesabu nyepesi. Kondoo akila gramu 1,000 za majani, yakipimwa yakiwa makavu, akatoa gramu 400 za kinyesi kikavu, amemeng'enya asilimia 60.

Tatizo ni kwamba malishoni hakuna hori wala mizani. Mwaka 1963, watafiti Tilley na Terry wa Hurley, Uingereza, walilihamishia tumbo maabara: majani yaliyosagwa hukaa saa 48 katika majimaji ya tumbo la kwanza la kondoo, kisha saa 48 nyingine katika asidi yenye pepsini. Mwaka 1986, Mayes na wenzake huko Scotland waligeukia alkani, kemikali zilizomo katika nta ya majani. Kondoo hunyweshwa kipimo maalumu cha alkani yenye kaboni 32, nayo hulinganishwa kinyesini na ile ya kaboni 33 iliyotoka kwenye nyasi. Kwa kuwa zote mbili hupotea njiani kwa kiwango kinachokaribiana, kosa hujifuta, na kiasi alichokula hujulikana.

Njia ya gharama nafuu ni kupima nitrojeni. Kwa kawaida, chakula kinapomeng'enywa vizuri, kila gramu ya kinyesi kikavu hubeba nitrojeni zaidi. Kwenye mbuga za migunga kipimo hiki hupotosha: tanini za majani na maganda hushika protini, ikatoka bila kumfaa mnyama, na maabara ikampa alama za juu kondoo aliyeshiba bila faida. Ndiyo maana mpimaji makini, kabla ya kufunga sampuli, humuuliza mchungaji kama kundi limeshinda kwenye nyasi au chini ya miti.