Ufundi wa Kungoja

Kushauri kila mtu anajua. Mwambie jirani kwamba hulali usiku. Kabla hujamaliza keshakupa dawa, dua na kisa cha shangazi yake aliyepatwa na hayohayo. Mwanafunzi wa unasihi katika shahada ya uzamili huanza kwa kuvuliwa tabia hiyo.

Nchini Marekani, programu zenye ithibati ya CACREP, chombo kinachothibitisha programu za unasihi, humdai mwanafunzi mazoezi ya awali ya saa 100, kisha kazi ya vitendo ya saa 600, na katika hizo 600, saa 240 awe na wateja wenyewe. Nadharia, tathmini na maadili husomwa vilevile, na kwa hayo sina la kuongeza. Kinachonivutia mimi ni kinasa sauti kinachorekodi vikao vyake.

Mmoja wa waliofungua njia ya kurekodi vikao alikuwa mwanasaikolojia Carl Rogers. Akiwa Chuo Kikuu cha Ohio State alinasa mazungumzo yake na wateja kwenye santuri zilizojaa baada ya dakika chache tu, na mwaka 1942 akachapisha kitabuni vikao vyote vya mteja mmoja, neno kwa neno. Bila rekodi, msimamizi hutegemea anachokumbuka mwanafunzi, na kumbukumbu ya fundi kuhusu kazi yake humpendelea.

Siku hizi mteja akiridhia, kikao hurekodiwa, kisha mwanafunzi hukisikiliza na msimamizi wake. Mteja anasema, "Tangu mama afariki…" halafu ananyamaza. Mwanafunzi, kwa kukiogopa kile kimya, anadakia: "Ulikuwa na umri gani?" Msimamizi anasimamisha rekodi. "Hapo ulikuwa unamsaidia nani?" Swali kali kidogo, nami nalipenda. Umri ungeweza kungoja. Aliyekuwa akitafuta nafuu ni mwanafunzi. Katika rekodi za baadaye kimya kama kile kinaachwa kipite, na mteja anaendelea mwenyewe, akafika pasipofikiwa kwa swali.

Si kila kimya ni ustadi, lakini. Mteja akidokeza kwamba anataka kujiua huulizwa papo hapo, waziwazi, bila kuzungukazunguka. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Nyakati hizi mbili hazitenganishwi na kitabu. Ndiyo maana hata baada ya kuhitimu, majimbo ya Marekani humtaka mnasihi afanye kazi chini ya usimamizi, mara nyingi kwa maelfu ya saa, kabla ya kumpa leseni kamili. Wengi hulalamika kwamba muda ni mrefu na malipo ni duni. Kwa malipo, wana haki. Kwa muda, hapana.