Omni Processor ya Dakar: upya wake uko wapi?

Neno «teknolojia mupya ya kusafisha maji machafu» ninalikuta mu TFC nyingi, na mara nyingi upya unaishia kwenye kichwa cha kazi. Nachukua mfano mmoja wenye wengi wetu tuliona: video ya Januari 2015, Bill Gates anakunywa gilasi ya maji yenye yalitoka mu kinyesi cha watu. Mashine inaitwa Omni Processor, ya kampuni Janicki ya Marekani. Mwaka ule ule moja ilipelekwa Dakar kwa majaribio.

Tuifungue. Inakausha kinyesi, mvuke wenye unatoka unapoozwa na kuchujwa, ndiyo maji ya Gates. Kinyesi kikavu kinachomwa, moto unachemsha maji mengine, mvuke wake unazungusha jenereta, na umeme ule unaendesha mashine yenyewe. Kukausha, kuchoma, kuzungusha kitu kwa mvuke: yote iko ya wakati wa babu zetu. Lakini sitasema ni udanganyifu. Kuvipanga mpaka uchafu ujilipie moto wake, hiyo ni kazi ya kweli. Angalia njia ya kupuliza hewa ndani ya tanki ili bakteria zile uchafu, ile Ardern na Lockett walitangaza Manchester mu 1914: mpaka leo inakula umeme mwingi, na tope lenye linabaki unalitafutia mahali.

Shida yangu iko pengine. Mashine inangoja kinyesi mlangoni. Nani anakileta? Dakar nyumba nyingi hazina bomba la maji machafu; fosi ikijaa, unaita kamyo ya kunyonya, ao mtu wa ndoo anayemwaga karibu tu. Basi kule waliweka pia namba ya simu: mwenye nyumba anapiga, wenye makamyo wanatuma bei kwa SMS, mwenye bei ya chini anapata kazi. Hakuna mtu alikunywa gilasi mbele ya kamera ju ya hiyo! Kwangu mimi, ndiyo mupya kuliko mashine, sababu inagusa pale mambo yanakwama.

Sasa fikiri Goma. Tunaishi juu ya mawe ya volkano, kuchimba fosi ni jasho na pesa, na kuna avenue zenye kamyo haiwezi kuingia. Lete Omni Processor kesho: wiki ya kwanza itakosa cha kuchoma, na umeme wa kuiwasha tutaununua sisi.