Watoto wa Pangoni

Usiku niliowachoma watoto wa kobodi hakukuwa na stima. Tulikuwa watano chumbani, hosteli ya nje ya kampasi, mshumaa mmoja katikati ya meza na sufuria ya chai ya rangi iliyokuwa imeshapoa. Nilisema, "Namwaga mafuta mlangoni, halafu narusha mwenge." Refa akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia, manze, si ni kobodi tu? Akarusha dadu, akaandika kitu kwenye daftari, akanyamaza. Msichana wa uuguzi, aliyekuwa upande wangu wa kushoto, akaweka penseli chini na kuuliza: "Watoto walikuwa wangapi?"

Naanza na kumbukumbu hiyo kwa sababu ndiyo ninayoipenda zaidi kutoka miaka yangu miwili ya chuo, na ndiyo inayonisumbua zaidi. Nimejaribu kutenganisha hayo mawili nikashindwa. Kwa hivyo nikisema hapa kwamba The Keep on the Borderlands ni kazi nzuri kuliko nyingi zilizoifuata, sitaki kuyaficha hayo mafuta.

Kama hujawahi kucheza Dungeons & Dragons, hiki ndicho cha kujua. Mmoja ni refa. Anajua ramani, anajua nani yuko nyuma ya mlango gani, na anawasemea wote ambao si nyinyi. Wengine kila mtu ana mhusika mmoja: mpiganaji, mchawi, mwizi, kasisi. Unasema unachofanya, refa anasema kilichotokea, na mkikosa kujua kitakachotokea dadu zinaamua. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa mchezo huu Marekani mwaka 1974. Baadaye kampuni ya TSR, ya mji wa Lake Geneva jimboni Wisconsin, ikaanza kuuza vijitabu vyenye ramani na wahusika tayari, ili refa asilazimike kubuni kila kitu. The Keep on the Borderlands, yaani ngome ya mpakani, aliiandika Gygax mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa inawekwa ndani ya boksi la wanaoanza, Basic Set, kwa hivyo ndipo wengi walipojifunzia.

Sisi tulijifunzia hapo tukiwa tumechelewa kwa miaka zaidi ya thelathini. Refa wetu, msee wa sheria, alitumiwa faili na binamu yake aliye Minnesota, akaichapisha saiba kwa rangi nyeusi. Ramani ambayo asili yake ni ya buluu ikatoka kijivu, kama picha ya eksirei. Dadu ya nyuso 20 hatukuwa nayo. Tulikata vikaratasi 20, tukaandika namba, tukavitia kwenye kikombe. Miaka ikapita ndipo nikasoma kwamba TSR wenyewe, walipoishiwa dadu mwaka 1979, waliweka vipande vya kadibodi vyenye namba ndani ya maboksi yao. Nilicheka peke yangu kwa matatu. Kumbe umaskini wetu ulikuwa wa asili kabisa.

Sasa kitabu chenyewe. Nakiita kisa kwa kukosa neno bora, maana kisa hakimo. Hakuna mwanzo, katikati na mwisho. Kuna ngome yenye askari, tavani, benki, kanisa na mkuu wake. Nje kuna msitu, kinamasi, na mwendawazimu anayeishi na paka mkubwa wa milimani. Mbele zaidi kuna bonde lenye mapango mengi, kila pango na wenyewe: kobodi, ambao ni wadogo, wana magamba na sura ya mbwa, goblini, oki, zimwi moja, na ndani kabisa hekalu la uovu. Hakuna anayekuambia uanze wapi. Kuna hata pango moja ambalo Gygax ameliacha wazi kabisa, refa alijaze mwenyewe.

Kilichonifanya nikipende ni kwamba watu wa mle ndani wana habari zao wenyewe, hawakungojei wewe. Mfano bora ni goblini na jirani yao zimwi. Wakivamiwa, walinzi wa goblini hupiga kelele "Bree-yark!" na kutupa mfuko wa sarafu 250 za dhahabu kupitia mlango wa siri. Zimwi linaokota mfuko, linatoka na kuwasaidia. Ni mkataba wa ulinzi, kama ule ambao kila mwenye kibanda mtaani anaujua.

Lakini kabla hujatoka ngomeni unapewa fununu, na baadhi ya fununu hizo ni uongo. Mojawapo inasema kwamba "Bree-yark" kwa lugha ya goblini ni kusalimu amri. Tuliisikia, tukaiamini. Tulipofika, goblini wakapiga hiyo kelele, na mpiganaji wa yule wa uhandisi akashusha upanga kwa heshima zote. Sekunde chache baadaye zimwi likaingia na rungu. Msee wa uhandisi alitengeneza mhusika mpya usiku huohuo, akimlaani Gygax, refa na lugha zote za kigeni.

Wiki iliyofuata tulirudi kwa zimwi na sarafu 300. Kanuni za Basic zina jedwali la dadu mbili la kuona kiumbe atakupokeaje mkikutana naye, kwa hivyo vita si lazima. Refa akarusha, likatoka jibu zuri, na zimwi likakubali kwamba siku hiyo litakuwa limelala usingizi mzito. Waswahili walishasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Tulikuwa tumeisoma methali hiyo shule ya msingi kwa ajili ya mtihani. Usiku ule ndipo mara ya kwanza ilinifaa.

Linganisha na visa vingine vya wakati huo. Tomb of Horrors, ambayo Gygax aliiandaa kwa mashindano ya kongamano la Origins mwaka 1975 na kuichapisha 1978, ni mtego mtupu. Kuna uso wa shetani wa kijani ukutani, mdomo wazi, giza ndani. Ukiingia mdomoni umekwisha, hakuna dadu ya kukuokoa. Tulicheka sana kwenye kaburi lile, lakini halikutuuliza swali lolote isipokuwa kama tuna akili. Kisha kuna Ravenloft ya mwaka 1983, ya Tracy na Laura Hickman. Hiyo ina hadithi kamili: Strahd, bwana wa kasri, alimuua ndugu yake kwa sababu ya kumtamani mchumba wake, na sasa ni mnyonya damu. Refa ana maneno ya kuwasomea, kuna karata za kupiga ramli, kuna ukungu. Ni nzuri na inatisha. Lakini ukimaliza Ravenloft unalala vizuri. Dhambi ni ya Strahd. Wewe ulikuja kusafisha.

Ngome ya mpakani haikupi Strahd. Na hapa ndipo watetezi wake na wakosoaji wake wote huwa wananikosa kidogo.

Wakosoaji wanasema ni hadithi ya kikoloni, na wana hoja. Utangulizi wenyewe unakuambia kwamba upande wa magharibi kuna ufalme wa watu wastaarabu, na mashariki kuna vurugu inayongojea kuumeza. Katikati kuna ngome. Wewe ni kijana uliyetoka kwenye ustaarabu kuja kutafuta mali na sifa. Mkenya hahitaji kuelezwa hilo mara mbili. Refa wetu ni wa Murang'a, na cucu yake mpaka leo akitaja huo mji anasema Fort Hall, jina ulilopewa kwa heshima ya Francis Hall, ofisa wa Mwingereza. Siku ya kwanza aliposoma ule utangulizi kwa sauti, alisita, akatuangalia, akasema, "Wasee, mnajua sisi ni akina nani hapa, sivyo?" Tukacheka. Tukaendelea.

Watetezi nao wanasema ni mchezo tu, kobodi hayuko, acheni kuleta siasa mezani. Shida ni kwamba watoto hatukuwaleta sisi. Wameandikwa. Kwenye chumba kikuu cha pango la kobodi, Gygax amehesabu wanaume, wanawake na watoto, na akaongeza kwamba watoto hawashambulii. Basi. Hasemi uwafanye nini. Angeweza kuwaacha nje kwa urahisi, na hakuna mchezaji ambaye angeuliza kobodi wanazaanaje. Amewaweka, halafu amefunga mdomo.

Kwa muda mrefu nilidhani ni uzembe, au ukatili wa mtu aliyezoea kuhesabu wanajeshi wa kuchezea. Huenda ni hivyo. Lakini isome ile ngome tena, upande wa wastaarabu. Mwenye benki ameandikiwa uhai wake kwa namba, na mali aliyoificha. Mfanyabiashara wa vito vivyo hivyo, na askari wa getini, na kasisi mcheshi ambaye kisirisiri ni wa upande wa uovu. Karibu kila mtu ngomeni amehesabiwa kama wa pangoni: ana nguvu kiasi gani, ana pesa kiasi gani. Na hakuna hata mmoja, si ngomeni si pangoni, aliyepewa jina. Mkuu wa ngome ni mkuu wa ngome. Chifu wa kobodi ni chifu wa kobodi.

Utangulizi unasema hawa ni watu na wale ni vurugu. Kurasa zinazofuata haziwezi kuthibitisha hilo. Zinaonyesha sehemu mbili zenye walinzi, wakubwa, hazina na familia, na zinakuacha uchague utaingia wapi na mwenge. Ndiyo maana nasema kitabu hiki ni kikubwa kuliko itikadi yake. Mwandishi alitaka kutuuzia mpaka, lakini alikuwa mwaminifu mno kwenye hesabu.

Nilikuwa nasomea takwimu, kwa hivyo niliwahi kupiga hesabu nyingine. Kwenye kanuni za Basic, kobodi mmoja akifa unapata pointi tano za uzoefu, za kugawana mezani. Kila sarafu ya dhahabu unayoitoa pangoni ni pointi moja. Yaani mchezo wenyewe unakulipa uibe, ubembeleze, uhonge, upite mlango wa nyuma. Kuua ni biashara mbaya. Hakuna kanuni iliyonituma kumwaga yale mafuta. Nilichoka, tulikuwa tumekaa saa nne, na nilitaka kuona moto.

Msichana wa uuguzi hakupiga kelele. Wiki iliyofuata alikuja na chapo na madondo kama kawaida, akatuambia kwamba kasisi wake amehama kundi. Amebaki ngomeni, hatembei tena na sisi. Akatengeneza mhusika mpya, mwizi, na kuanzia hapo kila tulipofika mlango mpya mwizi huyo ndiye aliyetangulia, akibisha hodi kwa lugha yoyote aliyoijua. Hizo sarafu 300 za zimwi lilikuwa wazo lake. Tulipocheza vizuri, tulicheza vizuri kwa sababu yake, na yeye alibadilika kwa sababu ya kitu nilichofanya mimi. Sijui niiweke wapi hiyo.

Muhula uliofuata karo ilikosekana, nikaambiwa nitoke kwenye chumba cha mtihani, nikatoka moja kwa moja mpaka nyumbani. Meza ikavunjika polepole, vile meza huvunjika: attachment, kazi, mtoto, Qatar. Hatukufika hekaluni. Watu huniuliza nilisoma nini chuo, na jibu la kweli ni kwamba nakumbuka vitu vichache vya darasani, lakini nakumbuka kila pango.

Karatasi zile ndizo nilizobaki nazo. Mwaka 2018 Goodman Games walitoa toleo kubwa lenye kisa hiki, limepanuliwa, na jalada gumu. Nimelipitia kwenye skrini, ni kazi safi. Lakini nikicheza natumia zile za saiba, zenye doa la chai kwenye ukurasa wa oki.

Desemba iliyopita nilikuwa refa kwa mara ya kwanza, nyumbani, kwa wapwa wangu watatu. Kikombe na vikaratasi. Walipitia pango la kobodi kama mimi, wakaanguka kwenye shimo la mlangoni kama mimi, wakafika chumba kikuu. Niliwasomea idadi. Nikaongeza kwamba watoto hawapigani, halafu nikanyamaza, kama Gygax. Moyo ulikuwa unanidunda kijinga, kwa sababu mkubwa wao alikuwa na chupa mbili za mafuta na nilikuwa nimeapa sitamwambia chochote.

Mdogo, wa miaka tisa, akainua mkono kama yuko darasani.

"Uncle, huyo mtoto aliye karibu na mlango anaitwa nani?"

Nikaangalia karatasi, ingawa nilijua. Nikamwambia hajaandikwa jina, achague yeye.

Akafikiria kidogo. Akasema anaitwa Kevo. Tumecheza mara nne tangu hapo, na Kevo ndiye anayetubebea taa.