Heko Mafundi wa Breki wa Migori na Homa Bay

Miwa ya Awendo na Ndhiwa haijipeleki kiwandani. Tangu kampuni ya sukari ya Sony ianzishwe mwaka 1979, malori yameibeba miwa hiyo, na mengi yamezeeka kazini. Wanaoyafanya yaendelee kusimama pale dereva anapotaka ni mafundi wa jua kali. Nawapa heko.

Mtazame fundi akishughulikia breki iliyokwama. Hakimbilii spana. Anapitisha kiganja karibu na kila gurudumu, bila kugusa, akilinganisha joto. Anapiga jeki, anajaribu kulizungusha lile lenye moto, limekaza. Analegeza nati ya kutolea upepo. Oili ikiruka na gurudumu likaachia, anajua presha ilinaswa: mpira wa breki umevimba ndani, au silinda kuu hairudishi oili. Lisipoachia, kasoro imo ndani ya dramu: silinda ndogo imeshika kutu, au springi imekatika.

Umakini huo huokoa maisha. Breki ikichemka kupita kiasi, oili hutoa mvuke, na kanyagio huzama bila lori kusimama. Ndiyo maana namheshimu zaidi fundi anayekataa kuziba bomba la gurudumu moja, na kuliacha bila breki, ili dereva awahi safari.

Wenye malori, walipeni kwa wakati na muwanunulie vipuri halisi. Serikali za kaunti, wapimeni ujuzi wao na kuwapa vyeti. Kazi yao inalinda kila anayetumia barabara hizi.