Mdhibiti wa Fedha wa Texas

Katiba ya Texas ya mwaka 1876 haikumkabidhi gavana madaraka yote ya utendaji. Mwanasheria mkuu, kamishna wa ardhi na mdhibiti wa fedha huchaguliwa na wananchi, kila mmoja kwa kura yake. Anayestahili pongezi hasa ni mdhibiti wa fedha. Kabla bunge halijapanga matumizi ya miaka 2, yeye hutangaza makadirio ya mapato. Bajeti ikishapitishwa, hupelekewa athibitishe kwamba fedha zitatosha. Ni kazi ya kimya, ya kalamu na tarakimu, na ni heshima kubwa ofisi moja kuaminiwa hivyo. Asipothibitisha, bajeti hurudishwa bungeni. Kuvuka kizuizi hicho kunahitaji dharura, pamoja na kura za wajumbe 4 kati ya kila 5 katika kila baraza.